Kufunga na Kufuga: Nyama ya Kondoo-Mwitu katika Historia ya Sahara

Katika nchi zinazosema Kiswahili hakuna kondoo-mwitu. Wako nyati, pofu, swala na nguruwe-mwitu, lakini kondoo ajulikanaye pwani na bara ni yule wa zizini tu, ambaye wahenga wake walifika Afrika kutoka Asia ya Magharibi. Kwa sababu hiyo, mfasiri wa Kiswahili akutanapo na habari za wawindaji wa kale wa Afrika ya Kaskazini hujikuta hana neno. Aghalabu huandika "kondoo" na kuendelea na kazi yake, na msomaji hubaki akidhani kwamba watu wa mapango ya Sahara walikuwa wachungaji maelfu ya miaka kabla ya ufugaji kuingia barani. Kosa la neno moja huzaa historia isiyokuwapo.

Hapana budi basi habari za nyama hiyo zitazamwe upya: mnyama mwenyewe ni yupi, alipatikanaje, nyama yake ilipikwa na kuliwa kwa namna gani, na maneno gani ya Kiswahili yafaa kuyaeleza hayo bila ya kuyapotosha. Jambo hili lawahusu wataalamu wa lugha sawasawa na wataalamu wa mambo ya kale, kwa kuwa mifupa haisemi mpaka ipewe maneno.

Jina la mnyama

Mnyama anayezungumzwa huitwa na wanasayansi Ammotragus lervia. Jina la lervia alipewa na Peter Simon Pallas mwaka 1777. Makao yake ni milima mikavu na mabonde ya mawe: Atlas, Ahaggar, Tassili n'Ajjer, Tadrart Acacus, Aïr, Tibesti, Ennedi, na vilima vilivyo kati ya mto Nile na Bahari ya Shamu. Rangi yake ni ya mchanga, pembe zake ni nene na zimepinda kwenda nje na nyuma, na dume ana manyoya marefu yanayoning'inia kooni mpaka miguu ya mbele. Dume mkubwa hupita kilo 100. Hukaa magengeni, huweza kustahimili kiu kwa muda mrefu, na ahisipo hatari husimama kimya akafanana na jiwe.

Je, ni kondoo? Kwa sura huenda mtu akasema ndiye. Kwa nasaba, sivyo hasa. Kondoo wa kufugwa ana kromosomu 54 na mbuzi ana 60. Mnyama huyu ana 58. Uchunguzi wa nasaba wa miaka ya karibuni humweka karibu zaidi na mbuzi kuliko kondoo. Kwa hiyo hata jina la "kondoo-mwitu" ni jina la kufananisha. Hata hivyo, Kiswahili kina desturi ya zamani ya kutumia neno "mwitu" kwa namna hiyo hiyo. Mbwa-mwitu wa mbuga za Afrika ya Mashariki si mzazi wa mbwa wa nyumbani. Ameitwa hivyo kwa kuwa amefanana naye. Neno "mwitu" katika majina ya namna hii laeleza mfano na mahali, halielezi ukoo. Msomaji akilijua hilo, "kondoo-mwitu" halitampoteza.

Jina la Kiingereza, ambalo humtaja mnyama huyu kuwa ni kondoo wa Barbary, lina ila kubwa zaidi. "Barbary" ni jina walilolitumia Wazungu kwa pwani ya Afrika ya Kaskazini, nalo limefungamana na neno "Berber", ambalo asili yake yarudishwa kwa Wayunani wa kale waliowaita hivyo watu wote ambao usemi wao haukufahamika kwao. Wenyeji hujiita Imazighen, na kwao mnyama huyu ni udad. Kutokana na neno hilo Wafaransa walipata "aoudad". Waarabu humwita arui. Jina hili la mwisho ni fupi, latamkika kwa ulimi wa Kiswahili bila ya taabu, na lina njia ileile iliyoyaleta maneno mengi ya Kiswahili. Kwa ajili hiyo, hapa chini mnyama huyu ataitwa arui.

Mifupa na majivu

Ushahidi wa kale wa nyama ya arui umo mapangoni. Katika pango la Haua Fteah, lililo pwani ya Cyrenaica nchini Libya, Charles McBurney alichimba katika miaka ya 1951, 1952 na 1955, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1967. Katika tabaka nyingi za pango hilo mifupa ya arui ndiyo iongozayo miongoni mwa mifupa ya wanyama wakubwa walioliwa. Upande wa magharibi, karibu na Béjaïa nchini Algeria, katika pango la Tamar Hat, hali ni hiyo hiyo na zaidi: miaka ipatayo 20,000 iliyopita, watu waliokaa hapo walikula nyama ya arui karibu kuliko nyama ya mnyama mwingine yeyote.

Wingi huo ulizusha mjadala katika miaka ya 1970. Walikuwapo walioona kwamba watu wasingeweza kula mnyama wa aina moja kwa kiasi hicho bila ya kuwa na mamlaka juu ya makundi yake. Yaani, walikuwa wakiyatunza makundi na kuchagua wa kuchinja. Mifupa hiyo ilipochunguzwa tena katika miaka ya 2000, uamuzi ulielekea upande mwingine: waliokaa Tamar Hat walikuwa wawindaji waliokijua vema kitoweo chao. Arui hurudi katika magenge yale yale na vijito vile vile, na mwindaji aijuaye njia yake hana haja ya zizi. Wingi wa mifupa ya mnyama mmoja ni dalili ya ujuzi. Si lazima uwe dalili ya ufugaji.

Pango la Taforalt, mashariki mwa Moroko, laongeza jambo ambalo wapendao habari za mawindo hulisahau. Hapo pia arui aliliwa sana. Lakini palipopatikana mifupa na majivu mengi palipatikana vile vile magamba ya konokono wa nchi kavu, na mabaki ya njugu za mialoni na mbegu za misonobari. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya meno ya watu wazima waliozikwa pangoni, kati ya miaka 15,000 na 13,700 iliyopita, yalikuwa yameoza. Nyama haiozeshi meno kwa kiasi hicho. Kilichoyaozesha ni vyakula vya wanga, yaani zile njugu, ambazo zilikusanywa na kuwekwa akiba. Yalipatikana pia mabaki ya nyasi za alfa, ambazo mpaka leo katika nchi hizo husukwa vikapu na mikeka.

Hapa Kiswahili kina neno linaloifafanua hali hiyo kuliko lugha nyingi. Neno hilo ni "kitoweo", litokanalo na kitenzi "kutowea". Kitoweo si nyama tu, wala si samaki tu. Ni kile kinacholiwa pamoja na chakula chenyewe ili chakula kishuke. Nyama ya mnyama wa porini ni nyofu na haina mafuta mengi, na mwili wa binadamu hauwezi kuishi muda mrefu kwa nyama nyofu peke yake. Ndiyo maana mifupa ya mawindo ilivunjwa ili upatikane uboho. Ndiyo maana pia njugu zilikuwa muhimu. Watu wa Taforalt hawakuwa "wala nyama" kama vitabu vya zamani vilivyozoea kuwaita wawindaji wa kale. Walikuwa na chakula chao cha mimea, na arui alikuwa kitoweo. Aliyebeba kapu la njugu aliilisha jamaa kama alivyoilisha yule aliyebeba mnyama mabegani. Tofauti ni kwamba mifupa hudumu ardhini, na kapu huoza.

Zizi la Uan Afuda

Ushahidi wa ajabu zaidi watoka katika milima ya Tadrart Acacus, kusini-magharibi mwa Libya. Katika miaka ya 1990 Savino di Lernia na wenzake walichimba pango la Uan Afuda, na katika tabaka za kati ya miaka 9,000 na 8,000 iliyopita wakakuta samadi nene iliyoshindiliwa, nayo ni samadi ya arui. Samadi ya mnyama apitaye tu haijikusanyi namna hiyo. Ilionekana kwamba arui walikuwa wamezuiliwa ndani ya pango na kuletewa majani wale. Wakati huo kondoo na mbuzi wa kufugwa walikuwa hawajaingia Sahara.

Hapa ndipo mfasiri anapohitaji kuchagua kitenzi chake kwa uangalifu. Kiswahili kina "kufunga" na kina "kufuga", vitenzi viwili vilivyokaribiana kwa sauti na ambavyo katika zizi hukaribiana hata kwa kazi. Lakini kumfunga mnyama ni kumzuia asiondoke. Kumfuga ni kumlea, kumzalisha, kuchagua madume na majike, na kuwa na uzao wake kizazi baada ya kizazi mpaka mnyama mwenyewe abadilike. Watu wa Uan Afuda waliwafunga arui, hawakuwafuga. Mnyama aliyekamatwa akiwa hai alikuwa akiba isiyooza. Mawindo yalipokuwa haba, akiba hiyo ilichinjwa. Ni jambo lilelile ambalo mpishi wa pwani hulifanya anapomfunga kuku mguu siku mbili kabla ya sikukuu, ila hapo mgeni anayengojewa alikuwa ni njaa.

Ufafanuzi wa di Lernia kwa jambo hili ni kwamba wawindaji wale walikuwa wamejifunza kuahirisha mlo. Huo ni uamuzi mzito katika maisha ya watu. Mwindaji wa kawaida humgawa mnyama siku ile ile, na mgao wake huwafunga watu pamoja kwa hisani na deni. Mwenye mnyama hai zizini ana swali jipya: mnyama huyu ni wa nani, na nani atakayeamua siku ya kumchinja? Maswali hayo ndiyo yatakayotawala maisha ya wafugaji baadaye. Watu wa Uan Afuda waliyafikia mlangoni bila ya kuwa na kondoo hata mmoja.

Kwa nini basi arui hakufugwa? Mnyama huyu ni wa magenge. Huruka juu sana, na makundi yake hutawanyika. Zaidi ya hayo, katika milenia zilizofuata ng'ombe, kondoo na mbuzi wa kufugwa walienea Sahara, na watu waliokuwa wamekwisha kujua habari za kukata majani na kulinda mlango wa zizi wakawa na wanyama walio watulivu. Ujuzi wa kufunga huenda uliurahisisha ujuzi wa kufuga, ijapokuwa mnyama alibadilika. Kutoka huko kaskazini kondoo wa kufugwa walisogea kusini polepole, na miaka ipatayo 4,000 iliyopita walikuwa wamefika kando ya Ziwa Turkana. Kwa njia hii kisa cha Acacus si kisa cha mbali kwa Kenya.

Chungu na moto

Nyama hiyo ilipikwaje? Msomaji wa leo hufikiri chungu kwanza, kwa kuwa vyungu vya Sahara ni miongoni mwa vyungu vya kale kabisa duniani, na umri wa baadhi yake ni zaidi ya miaka 10,000. Lakini uchunguzi wa mafuta yaliyonyweshwa katika vigae vya Uan Afuda na vya pango jirani la Takarkori, uliotolewa mwaka 2016, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya vyungu hivyo ilipikiwa mimea: mbegu za nyasi, majani na mimea ya majini, kwa kuwa Sahara ya wakati huo ilikuwa na maziwa na mabwawa. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2012, ulikwisha kuonyesha kwamba vyungu vya baadaye vya Takarkori, vya milenia ya tano kabla ya Kristo, vilitiwa maziwa. Ama chungu cha kwanza, kazi yake kubwa ilikuwa ni mimea, ambayo bila ya kuchemshwa muda mrefu ni migumu au ina sumu. Nyama haimlazimu mtu kuwa na chungu, moto watosha.

Kiswahili kina hazina ya vitenzi kwa kazi hiyo ya moto, na yafaa mwandishi wa historia aitumie badala ya kuandika "kupika" kila mahali. Kuna kuchoma, ambako nyama hukutana na makaa au ndimi za moto. Kuna kubanika, ambako nyama hukaa juu ya moto, ikipata joto na moshi. Kuna kuoka, ambako chakula hufunikwa kwa mchanga na majivu ya moto, kama Watuareg wanavyooka mikate yao mpaka leo. Kuna kutokosa, ambako maji hufanya kazi peke yake. Na kuna kuanika, ambako jua na upepo hufanya kazi ya moto. Kila kitenzi chataka chombo chake, kuni zake na muda wake, na kila kimoja huacha alama yake ardhini: mfupa ulioungua, jiwe lililopasuka, kigae chenye mafuta. Kuanika ndiko kusikoacha alama, na katika nchi kavu kama Sahara ndiko kulikofaa kuliko kote. Nyama nyofu ya arui, ikikatwa vipande virefu vyembamba, hukauka upesi. Watu wa kaskazini ya Kenya hawatashangaa kwa hilo, kwa kuwa nyirinyiri zao, nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta, ni jawabu lao kwa nchi ya namna hiyo hiyo.

Mbwa, mkuki na jina la Mungu

Wachoraji wa kale wa Tassili n'Ajjer walimchora arui mara nyingi juu ya kuta za mapango. Maelfu ya miaka baadaye, Watuareg wa Ahaggar walikuwa wangali wakimwinda katika milima ile ile. Mwindaji alikwenda kwa miguu pamoja na mbwa wake. Mbwa walimfuatia arui mpaka akasimama juu ya genge asiweze kwenda mbele wala kurudi, kisha mwindaji akamjia kwa mkuki. Charles de Foucauld, aliyeishi Tamanrasset tangu 1905 mpaka alipouawa mwaka 1916, aliikusanya lugha yao katika kamusi kubwa iliyochapishwa kwa juzuu nne baada ya kufa kwake. Kazi ya aina hiyo huhifadhi mengi ambayo mchimbaji wa mapango hawezi kuyafukua.

Uislamu ulipoenea Sahara ulikuta uwindaji na ukauwekea mipaka. Mnyama aliyekufa bila ya kuchinjwa haliwi. Kiswahili humwita kibudu, na nyama yake ni nyamafu. Lakini mawindo yana hukumu yake katika Sura ya tano ya Kurani: alichokamata mbwa aliyefundishwa, naye ametumwa kwa kutajwa jina la Mungu, ni halali. Mwindaji wa Ahaggar, ambaye mnyama wake aweza kufa juu ya jabali kabla ya kisu kumfikia, alikuwa na haja kubwa ya hukumu hiyo. Hivyo nyama moja, kwa kutajwa jina au kutotajwa, huwa kitoweo au huwa mzoga. Hapana mfupa uwezao kumweleza mchimbaji tofauti hiyo. Lugha peke yake ndiyo inayoihifadhi.

Lugha pia huonyesha jinsi watu wanavyomtazama mnyama. Katika lugha za Kibantu shina moja hutaja mnyama na nyama, na Kiswahili huyatenga mawili hayo kwa ngeli tu. Kusini mwa Aïr, Wahausa huita nyama "nama", na wanyama wa porini huwaita "naman daji", yaani nyama ya msituni. Kwa wasemaji wa lugha hizo mnyama wa porini tangu mwanzo ametajwa kwa jina la kitoweo.

Hatima

Katika karne ya ishirini bunduki na magari vilifanya kazi ambayo mbwa na mikuki haikuifanya kwa miaka elfu kumi. Arui amepungua mno katika nchi yake, na sasa amewekwa katika orodha ya wanyama walio hatarini. Algeria iliunda hifadhi ya Tassili mwaka 1972 na ya Ahaggar mwaka 1987. Niger ikaunda ya Aïr na Ténéré mwaka 1988. Wakati huo huo arui waliopelekwa Marekani, New Mexico mwaka 1950 na Texas mwaka 1957 na 1958, wameongezeka kwa maelfu, na huko huwindwa na kuliwa na watu wasio na neno lao wenyewe la kumwita.

Kenya inaifahamu hali hiyo. Sheria za wakati wa ukoloni zilikuwa zimekwisha kuwabana wawindaji wa asili kama Wawata wa Tsavo, na mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku kabisa. Mtu aliyeitwa mwindaji na jamaa zake akaitwa jangili na serikali. Yaweza kusemwa kwamba wanyama walihitaji ulinzi huo. Lakini maneno hayakupata mlinzi. Msamiati wa mawindo, wa mgao na wa kuhifadhi nyama uliishi katika kazi yenyewe, na kazi ikikoma, kizazi kimoja chatosha kuusahau.

Kwa hiyo kazi ya kukusanya maneno hayo kutoka kwa wazee haifai kungojea. Tofauti ya kufunga na kufuga, ya kubanika na kuoka, ya kitoweo na kibudu, ndiyo itakayomwezesha mwanahistoria wa Kiswahili kuisoma samadi ya Uan Afuda na majivu ya Taforalt bila ya kuazima macho ya wengine. Asiyekuwa na maneno hayo ataandika "kondoo", naye atakuwa amewapa watu wa kale zizi ambalo hawakuwa nalo, na kuwanyang'anya lile walilokuwa nalo.